Jiko linanuka samaki na hakuna samaki: moto wa vifaa vidogo vya umeme huanzia wapi

Fundi Koleo (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mwezi uliopita dada yangu anayekaa Tabata alinipigia simu kulalamikia friji. Jiko lake lilikuwa linanuka samaki kwa siku tatu mfululizo, ilhali hakuwa amepika samaki tangu wiki iliyotangulia. Alikuwa ameshatoa kila kitu ndani ya friji na kuiosha kwa ndimu, amesogeza kabati akitafuta panya aliyekufa, na msichana wa kazi alikuwa ameshalaumiwa mara mbili bila kosa. Nilimwuliza swali moja tu: harufu hiyo huzidi wakati gani? Akafikiri, akasema huzidi asubuhi, wakati wa chai. Nikamwambia azime swichi ya ukutani ya birika la umeme na asiiguse tena mpaka nifike.

Nilizima meni swichi, nikafungua soketi. Tundu la kulia, ambalo ndilo la waya wa moto, lilikuwa limegeuka kutoka weupe na kuwa na rangi ya sukari iliyoungua, na skrubu inayobana waya huo kwa nyuma niliizungusha kwa vidole bila bisibisi. Ganda la waya lilikuwa limekauka, ukilikunja linavunjika kama ganda la karanga. Plastiki ngumu ya plagi na soketi nyingi hutengenezwa kwa urea, na ikipata joto kali hutoa gesi za jamii ileile inayompa samaki aliyechina harufu yake. Friji haikuwa na hatia yoyote.

Ninaandika uzi huu kwa sababu sakiti breka ya dada yangu ni mpya, ilikuwa mahali pake, na kwa siku zote tatu haikuanguka hata mara moja. Tena haikuwa mbovu. Wengi tunaamini kwamba nyumba yenye breka nzuri haiwezi kuungua kwa umeme, na imani hiyo ndiyo inayotufanya tuipuuze harufu, tupuuze plagi ya moto na tupuuze soketi inayolia kama mbu.

Hesabu yake ni nyepesi. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7 hivi. Breka ya soketi za jikoni kwa kawaida ni ya ampea 20 au 32, kwa hiyo inaziona hizo 8.7 kama mzigo wa kawaida. Sasa tuseme skrubu imelegea, na pale waya unapogusana na chuma pamezaliwa ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa nusu omu tu. Joto linalotokea hapo ni ampea mara ampea mara ukinzani, yaani wati 38. Chuma cha kulehemu cha fundi redio kina nguvu kama hiyo, nacho huyeyusha risasi. Kwa maneno mengine, kila unapochemsha maji ya chai unakuwa na chuma cha kulehemu kilichowashwa ndani ya ukuta, na breka haina namna ya kukijua, kwa kuwa umeme unaopita haujazidi. Joto hilo hulegeza chuma zaidi, ulegevu huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto, na siku moja plastiki hushika moto.

Kwa uzoefu wangu wa kufungua soketi zilizoungua, mara nyingi kifaa chenyewe hukikuta kizima. Tatizo hulikuta kwenye maungio: plagi na soketi, waya na skrubu, ekstensheni na plagi iliyochomekwa humo. Vifaa vya kuogopwa zaidi ni vile vya kutengeneza joto, kama birika, raiskuka, jiko la koili, tosta na kikaangio cha hewa moto, kwa sababu huvuta umeme mwingi kwa muda mrefu. Blenda ina nguvu ndogo na hukaa dakika mbili tu, na kosa lake kubwa ni kusagishwa vitu vikavu mpaka mota ikaanza kunuka.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na umeme ni sehemu ya nishati hiyo. Mimi ninaunga mkono, kwani nimekulia kwenye moshi wa kuni. Hata hivyo nyumba zetu nyingi ziliwekwa nyaya kwa ajili ya taa, redio, pasi na friji, na jikoni pakawekwa soketi moja karibu na mlango. Soketi hiyo moja ndiyo leo inayobebeshwa kila kitu.

Dalili ninazoomba kila mmoja azikague leo usiku ni hizi. Baada ya birika kuchemka, zima swichi, chomoa plagi, kisha ushike kwa kiganja ile sehemu ya plagi yenye meno. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa ni ya moto kiasi cha kutotamani kuendelea kuishika, soketi hiyo isitumike mpaka ifunguliwe na fundi. Tazama pia kama matundu yana rangi ya kahawia, kama meno ya plagi yana madoa meusi, na kama plagi inaingia kwa ulaini mno na kuning'inia. Halafu kuna pua, na pua ya mpishi haidanganyiki kirahisi.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mama Chapati

Ahsante sana, fundi. Umenitia wasiwasi, kwa kuwa jikoni kwangu nina soketi moja na nimeweka ekstensheni yenye matundu manne. Nimechomeka maikrowevu, birika na raiskuka. Ekstensheni yenyewe ina taa nyekundu na swichi yake, na muuzaji aliniambia ni imara. Je, hapo nina kosa?

Fundi Koleo

Mama, wingi wa matundu haukupi umeme zaidi, hukupa nafasi zaidi ya kuuzidisha. Maikrowevu ya kawaida huvuta wati 1,200 hivi, birika 2,000, raiskuka 700. Jumla ni wati 3,900, sawa na ampea 17. Plagi yetu ya meno matatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 230 ni takriban wati 2,990. Fyuzi inaweza kuvumilia hivyo kwa muda mrefu, maana fyuzi haikatiki papo hapo mzigo ukizidi kidogo, na katika uvumilivu huo ndimo waya unamopikika.

Nikuombe utazame maandishi yaliyochapwa kwenye waya wenyewe wa ekstensheni. Ukikuta 0.75 mm², waya huo ni wa ampea 6, yaani hautoshi hata birika peke yake. Waya wa 1.25 mm² ndio wa ampea 13, na wa 1.5 mm² una nafasi kidogo zaidi. Usipokuta maandishi yoyote, usiupe kazi ya kupasha joto. Nimewahi kukwaruza kwa kisu nyaya za ekstensheni nene za kupendeza, na chini ya wekundu wa shaba nikakuta weupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unene wote ulikuwa wa plastiki.

Jambo la mwisho kwa ekstensheni: usiitumie ikiwa imeviringwa. Mizunguko hupashana joto, na ya katikati haina pa kulitolea. Birika lichomekwe ukutani moja kwa moja, na vifaa viwili vya joto visiwashwe pamoja kwenye soketi moja, hata kama wali utachelewa.

Kijana wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nataka kuongeza mambo mawili ambayo huku kwetu nimeyaona kwa macho yangu.

La kwanza ni plagi za meno mawili ya mviringo. Vifaa vingi vya bei nafuu huja nazo, na kila mtu hapa anajua ule ujanja wa kusukuma tundu la juu kwa kalamu au kwa kijiti ili vile vizibo vya ndani vifunguke, kisha plagi ikasukumwa kwa nguvu. Inaingia, kifaa kinawaka, na watu wanaridhika. Lakini zile bamba za ndani ya soketi zilitengenezwa kubana jino bapa. Jino la mviringo linaziparuza kwa mstari mwembamba tu, na baada ya miezi michache bamba zimepanuka, hata plagi halali ikichomekwa hapo inacheza. Isitoshe, plagi hizo hazina fyuzi ndani.

La pili ni stima kupotea. Jirani yetu alikuwa akichemsha maji ya kuoga kwa koili kwenye ndoo ya plastiki. Tokeni zikaisha maji yakiwa bado baridi, akaoga hivyohivyo kwa yale maji, akaenda kazini na kuiacha koili ikiwa imechomekwa ndani ya ndoo tupu. Mchana mwanawe akanunua tokeni kwa simu, akaja akaziingiza, akatoka tena kwenda kucheza mpira. Koili ikawaka kavu. Ndoo iliyeyuka, ikashika mkeka, na wapangaji wenzao ndio waliovunja mlango. Hakuna aliyeumia, ila chumba kile hadi leo kina ukuta mweusi.

Fundi Koleo

Hilo la pili lilipaswa kuwa kwenye andiko langu la mwanzo, na ninakiri nililisahau. Wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2023 niliitwa kwenye nyumba mbili kwa sababu hiyohiyo. Mtu yuko jikoni, umeme unakatika, anaacha swichi ilivyo kwa kuwa kifaa kimezimika chenyewe, anakwenda kwa jirani au analala. Umeme unarudi saa nane usiku na jiko la koili linaanza kazi bila mpishi, pengine na kikapu cha plastiki kimewekwa juu yake kwa kuwa lilikuwa baridi. LUKU, ile mita yetu ya tokeni, ikiisha uniti, hali ni hiyohiyo. Kwangu nimewazoesha watoto kwamba umeme ukikatika, kabla ya kutafuta tochi, mkono unakwenda kwanza kwenye swichi ya ukutani ya jikoni.

Mhakiki

Mkuu, kwa heshima zote, naona unawatisha watu. Nyumba yangu ina kifaa kile cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na fundi aliyekifunga alinihakikishia kwamba hata mtoto akigusa waya kitakata kabla hajaumia. Sasa moto utatoka wapi?

Fundi Koleo

Ndugu Mhakiki, umefanya vizuri kukifunga na usikiondoe kamwe. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua wa kurudi, maana yake kuna unaopotea, labda kupitia mwili wa mtu kwenda ardhini, nacho hukata. Kwenye skrubu iliyolegea hakuna kinachopotea. Ampea 8.7 zinakwenda, ampea 8.7 zinarudi, zimepita tu mahali pembamba na kupachoma njiani. Kifaa chako kinaona usawa kamili na kinanyamaza. Breka hulinda waya usizidiwe na hukata shoti inapotokea, kifaa chako hulinda mtu, na maungio yaliyolegea hubaki bila mlinzi isipokuwa bisibisi ya fundi na pua yako.

Shangazi wa Ohio

Hamjambo huko nyumbani. Nina swali kuhusu raiskuka. Mwaka jana nilimtumia mama yangu Morogoro raiskuka nzuri kutoka huku Marekani, na baada ya siku moja ikaungua kwa moshi mwingi. Alinunua adapta ya kubadilisha plagi, kwa hiyo sikuelewa kosa lilikuwa nini. Ameitengeneza kwa fundi wa mtaani na anataka kuendelea kuitumia.

Fundi Koleo

Dada, tafadhali mpigie mama leo, usisubiri kesho.

Adapta ile hubadilisha umbo la meno tu, haigusi volti. Raiskuka ya huko hutengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 volti zimekaribia kuwa maradufu, lakini joto huongezeka kwa mraba, karibu mara tatu na theluthi mbili. Raiskuka ya wati 500 ikawa inachoma kama ya wati 1,800 huku waya wake na plastiki yake vikiwa vilevile. Kuitumia salama kungehitaji transfoma, ambayo ni nzito na ya gharama kuliko raiskuka mpya.

Kinachonitia hofu zaidi ni hilo la kutengenezwa. Chini ya sufuria ya raiskuka, katikati, kuna kidude cha mviringo kinachopanda na kushuka kwa springi. Ndani yake kuna sumaku inayopoteza nguvu joto likizidi kidogo nyuzi 100. Maji yakiwepo, joto haliwezi kupita hapo. Wali ukiyanywa yote, joto hupanda, sumaku huachia, na kile kitufe huruka juu kwa mlio tunaoujua. Huo ndio ulinzi wa kwanza, na huharibiwa kwa urahisi wa ajabu: punje moja ya wali iliyoganda chini ya sufuria huizuia isikae sawasawa juu ya kidude. Wapo pia wanaokaza kitufe kwa kijiko ili wakaange vitunguu humo.

Ulinzi wa pili ni fyuzi ya joto, kitu kidogo kama punje ya mchele iliyovikwa mrija mweupe, kimelala kando ya koili. Ikikatika hairudi, na raiskuka hufa kabisa. Kwa fundi mwenye haraka, dawa ni kuiruka: anakata fyuzi, anaunganisha waya kwa waya, anafunga kwa utepe, na mteja anafurahi kwa kuwa kifaa kimepona kwa bei ya soda. Nasema haya kuhusu kazi yangu mwenyewe na wenzangu. Ukirudishiwa raiskuka, birika au jiko la presha la umeme kutoka kwa fundi, mwulize: umebadilisha fyuzi ya joto au umeiunga moja kwa moja? Akisita, usikichukue kifaa.

Mpangaji

Niko London, na ningependa kugusia upande wa wenye nyumba. Huku hakuna aliyesahau moto wa Grenfell wa tarehe 14 Juni 2017 uliowaua watu 72, ambao uchunguzi ulibaini ulianzia kwenye friji jikoni. Tangu mwaka 2020 sheria ya England inamlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kukagulisha nyaya zote angalau kila baada ya miaka 5 na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Je, huko mpangaji anayeona soketi imeungua afanye nini, ilhali mwenye nyumba hapokei simu?

Fundi Koleo

Kwa uzoefu wa mtaani, mpangaji hununua soketi yake mwenyewe, humlipa fundi, kisha humwonyesha mwenye nyumba ile iliyoungua wakati wa kukata kodi. Hakikisha unaitunza kama ushahidi. Soketi pacha nzuri haifiki bei ya kilo mbili za nyama, na kugombana na mwenye nyumba kwa miezi mitatu huku ukiendelea kuitumia iliyoungua hakuna faida yoyote.

Mama Chapati

Fundi, naomba unieleze na hili: moto ukiwa umeshaanza? Nina ndoo ya maji jikoni siku zote.

Fundi Koleo

Maji yasiguse kifaa chenye umeme. Kwanza ni kuzima: swichi ya ukutani ikiwa unaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto, vinginevyo meni swichi. Kwa hiyo hakikisha kila mtu nyumbani anajua meni swichi iko wapi, pamoja na msichana wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye yuko peke yake nyumbani mchana. Kilichomo ndani ya maikrowevu au kikaangio cha hewa kikishika moto, usifungue mlango wala kuvuta droo. Zima, acha kifungwe, moto utakosa hewa.

Mafuta ya kukaangia yakiwaka, maji ni hatari hata kama umeme umezimwa. Maji hugeuka mvuke na kupanuka takriban mara 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Funika kwa mfuniko wa chuma ukiusukuma kutoka upande wako kwenda mbele, zima, usiibebe sufuria kwenda nje, na usifunue kuchungulia, kwani mafuta yaliyo moto hujiwasha tena yakipata hewa.

Moto ukishapanda kwenye pazia au kabati, toka, funga mlango wa jikoni nyuma yako, kisha piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa walioko Kenya ni 999. Na ninaomba tusisahau grili zetu za chuma za milango na madirisha. Ikiwa mlango wa nyuma una kufuli, ufunguo uning'inie kwenye msumari unaojulikana, mbali na mkono wa anayepita dirishani lakini karibu na wa anayekimbia.

Mama Chapati

Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema: nimechemsha birika likiwa peke yake, nikachomoa. Plagi ni ya moto sana upande mmoja, na jino moja lina doa jeusi. Mume wangu amezima meni swichi na kufungua soketi. Anasema skrubu moja ilikuwa imelegea, ameikaza, na sasa anataka kuwasha.

Fundi Koleo

Mwambie asiwashe, mama. Kukaza skrubu juu ya waya ulioungua ni kubana masizi. Ule waya ukatwe nyuma mpaka ifike shaba inayong'aa na ganda lililo laini, uvuliwe upya, na soketi ibadilishwe yote, kwa sababu bamba za ndani zikishapata joto la kiasi hicho hupoteza ukakamavu na hazitabana tena. Plagi ya birika nayo ibadilishwe. Ukichomeka plagi yenye doa kwenye soketi mpya, doa litahamia humo. Waya ukionekana mfupi baada ya kukatwa, usiungwe kwa kusokota na utepe ndani ya ukuta, aitwe fundi avute mwingine. Kwa leo usiku chemsheni chai kwenye gesi.